Maulizo ya faharasa ya upili yanapokwama: dalili, visababishi na tiba katika Cassandra

Mwongozo huu unawalenga mafundi wanaotunza mifumo iliyojengwa juu ya Apache Cassandra, hifadhidata iliyosambazwa ambayo ilianzia Facebook na kuwekwa wazi kwa umma mwaka 2008. Mfano utakaotumika ni jedwali la samaki wanaopokewa katika madiko ya Lamu. Data ya namna hii hubeba karibu kila tabia inayoisumbua faharasa ya upili, yaani orodha ya ziada ya kutafutia mistari kwa safu isiyo ufunguo wa jedwali: hufurika wakati wa kaskazi na kupungua wakati wa kusi, ina majina ya vyombo ambayo kila karani huyaandika kwa namna yake, ina safu zenye thamani mbili tatu zinazojirudia mamilioni ya mara, na nyingine ambazo thamani zake hazijirudii kabisa.

Sehemu kubwa ya malalamiko kuhusu faharasa hayatokani na hitilafu yoyote. Faharasa hufanya kazi kama ilivyoundwa, ila imepewa ulizo ambalo haikuundwa kulijibu kwa haraka. Kwa hiyo, kabla ya kuijenga upya au kuongeza nodi, yaani seva nyingine katika kundi liitwalo klasta, fundi atenganishe kwanza hali hizo mbili, kwa kuwa tiba ya moja haiifai nyingine hata kidogo.

Jedwali letu ni hili:

CREATE TABLE uvuvi.mapokezi (
  diko text, tarehe date, namba timeuuid,
  chombo text, nahodha text, aina text,
  kilo decimal, hali text,
  PRIMARY KEY ((diko, tarehe), namba)
);
CREATE INDEX mapokezi_chombo ON uvuvi.mapokezi (chombo);
CREATE INDEX mapokezi_hali ON uvuvi.mapokezi (hali);

Safu za diko na tarehe kwa pamoja ndizo ufunguo wa mgao, yaani thamani zake ndizo zinazoamua ni nodi zipi zitakazoihifadhi mistari hiyo. Ulizo linalotaja diko na tarehe huenda moja kwa moja kwenye nodi zenye nakala za mgao huo. Faharasa ya chombo haina uwezo huo. Kila nodi hujitengenezea jedwali la siri linaloorodhesha mistari iliyo kwake tu, na hakuna nodi inayojua yaliyomo katika faharasa ya nodi nyingine. Anayeuliza kwa jina la chombo peke yake anafanana na mtu aliyeko Amu anayetafuta jahazi bila kujua limetia nanga wapi: hana budi kutuma wajumbe Kizingitini, Faza, Siyu, Matondoni na Kiunga, na hawezi kuwa na hakika na jibu lake mpaka mjumbe wa mwisho arudi, hata kama karibu wote watarudi mikono mitupu.

Ulizo linakataliwa papo hapo

Dalili hii ndiyo nyepesi kuliko zote. Seva hurudisha ujumbe unaosema kwamba ulizo huenda likalazimu kuchuja data na kwamba, ukilitaka hivyo hivyo, uongeze maneno ALLOW FILTERING. Angalia kwanza kama faharasa ipo kweli katika mazingira unayoyatumia, kwa amri ya DESCRIBE TABLE, kwa sababu si ajabu faharasa ikawa imetengenezwa kwenye seva za majaribio na kusahauliwa kwenye seva za kazi. Ikiwa ipo, tazama aina ya sharti. Faharasa ya kawaida hujibu usawa tu, pamoja na CONTAINS kwa safu zenye mikusanyiko, kwa hiyo sharti la kilo > 50 halitapata msaada hata ukiiwekea safu ya kilo faharasa yake. Sababu ya tatu huwashangaza wengi: masharti mawili juu ya safu mbili ambazo zote zina faharasa bado hukataliwa. Cassandra huchagua faharasa moja, ile inayokadiriwa kuleta mistari michache zaidi, kisha huchuja matokeo yake kwa sharti la pili, na uchujaji huo ndio unaohitaji idhini yako.

Kuongeza ALLOW FILTERING ili ujumbe uondoke ni tabia ninayoipinga, isipokuwa pale ambapo ulizo limetaja ufunguo wa mgao mzima. Hapo uchujaji hufanyika ndani ya siku moja ya diko moja, na gharama yake hujulikana mapema. Bila ufunguo huo, ulizo lililojibiwa vizuri kwa data ya mwezi mmoja litaielemea klasta nzima data itakapofika miaka mitatu.

Kuna kukataliwa kwa namna nyingine, ambako seva husema faharasa bado haijawa tayari. Maana yake ni kwamba ujenzi unaendelea kwa nyuma. Amri ya nodetool compactionstats huonyesha ujenzi huo na umefika wapi, na dawa yake ni kusubiri.

Ulizo linachelewa au muda wake unaisha

Hapa ndipo penye kazi. Swali la kwanza ni nani aliyekata tamaa: programu ya mteja au seva. Kiunganishi cha Java cha toleo la 4 husubiri sekunde 2 tu kikiachwa na mipangilio yake ya awali, na kikichoka hutoa kosa liitwalo DriverTimeoutException, wakati seva bado inaendelea na kazi. Seva yenyewe husubiri sekunde 5 kwa usomaji wa mgao mmoja na sekunde 10 kwa usomaji unaopita migao mingi, na ulizo la faharasa lisilotaja ufunguo huangukia kundi hili la pili. Kosa la seva ni ReadTimeoutException. Mtu akirefusha muda wa seva ilhali aliyekata tamaa ni mteja, hatabadilisha chochote.

Kisha liendeshe ulizo lilelile kwa cqlsh, zana ya kuandikia maulizo kwa mkono, ukiwa juu ya mojawapo ya seva. Mfanyakazi aliyeko ofisini Amu akitumia seva zilizoko Nairobi ana safari ya mtandao ambayo huongezwa kwa kila ukurasa wa matokeo unaoombwa, na matokeo yenye kurasa nyingi huongeza safari hizo mpaka zikaonekana kama uzito wa hifadhidata. Ikiwa ulizo ni jepesi juu ya seva na zito ofisini, iache faharasa na uushughulikie mtandao au ukubwa wa ukurasa.

Likiwa zito hata juu ya seva, andika TRACING ON ndani ya cqlsh na ulirudie. Taarifa za ufuatiliaji huhifadhiwa kwa saa 24, kwa hiyo unaweza kuzisoma kwa utulivu baadaye. Tafuta mstari unaoeleza idadi ya vipande vya pete (mgawanyo wa data yote kati ya nodi) vitakavyoulizwa na vingapi vitaulizwa kwa mkupuo mmoja. Klasta ya nodi 6 zenye num_tokens, yaani idadi ya vipande vya kila nodi, ya 256, kiwango kilichozoeleka kabla ya toleo la 4.0 la Cassandra, ina pete yenye vipande 1,536. Kwa kiwango cha 16 kilichoanza na toleo hilo, vipande ni 96. Nodi mratibu, yaani iliyopokea ulizo, huunganisha vipande vinavyopakana vinapokuwa na nakala katika nodi zilezile, hukadiria vingapi iulize kwa mara moja, na isipopata mistari ya kutosha hutuma mkupuo mwingine, na mwingine. Ukiona vipande vingi na mkupuo wa kipande kimoja kimoja, umekwisha kukipata chanzo cha uzito.

Hali hii huikumba zaidi safu yenye thamani nyingi tofauti. Chombo kimoja kina mistari michache katika data yote, lakini kuipata kunalazimu kugonga mlango wa karibu kila nodi. Jambo linalofaa kukumbukwa wakati wa kupima ni kwamba thamani isiyokuwepo kabisa ndiyo ghali kuliko zote. Ulizo la chombo kilichopo likiwa na LIMIT 1 laweza kusimama njiani mara mstari unapopatikana, ilhali ulizo la chombo ambacho jina lake limekosewa litaizunguka pete yote kabla ya kurudi tupu. Fundi anayepima kwa majina anayoyajua huona mfumo mwepesi; karani aliyeandika Tawakkal mahali palipoandikwa Tawakal huona mfumo uliokufa, na wote wawili wanasema kweli.

Ikiwa uzito ulianza ghafla bila ulizo wala kiasi cha data kubadilika, shuku nodi moja. Ulizo la kuzunguka pete huwa na mwendo wa nodi iliyo nzito kuliko zote, kwa hiyo diski moja inayochoka huonekana kama ugonjwa wa klasta nzima. Linganisha nodetool tpstats na nodetool tablehistograms za nodi moja baada ya nyingine.

Kuna sura nyingine ya hali hiyo: maulizo ya ufunguo yanaendelea vizuri kwa watumiaji wengi, lakini yale ya faharasa yote yanarudi na UnavailableException. Hapo kuna kipande cha pete ambacho hakina nakala hai za kutosha kwa kiwango cha uthabiti ulichoomba, yaani idadi ya nakala zinazopaswa kujibu. Ulizo la ufunguo hudhurika tu likiangukia kipande hicho, ilhali ulizo la faharasa hukihitaji kila kipande. Katika klasta ya majaribio yenye nodi tatu na nakala moja moja, kulala kwa nodi moja kunatosha kuyaangusha maulizo yote ya faharasa. Amri ya nodetool status itakuonyesha nodi iliyolala, na faharasa haina kosa lolote hapo.

Matokeo yanarudi pungufu

Hili ni baya kuliko uzito, kwa kuwa halipigi kelele. Nahodha anadai alipokewa nguru wa kilo 80 siku ya Jumanne, ripoti ya chombo chake haionyeshi, lakini ripoti ya diko la siku hiyo inaonyesha. Kabla ya yote, tazama maandishi yenyewe. Usawa wa faharasa ni wa herufi kwa herufi: herufi kubwa na ndogo hutofautiana, na nafasi iliyobaki mwishoni mwa neno ni herufi kamili. Mstari uliopatikana kwa ufunguo utakuonyesha jina lilivyohifadhiwa. Likiwa tofauti na lile unalouliza, kazi iliyobaki ni kusafisha data na kuwapa makarani orodha ya kuchagua badala ya kisanduku cha kuandika.

La pili ni kurasa. Viunganishi vingi huleta mistari 5,000 kwa ukurasa, na cqlsh huleta 100. Programu inayosoma ukurasa wa kwanza na kufunga mlango itatoa jumla isiyo kamili, na kasoro hiyo haitaonekana wakati wa kusi, mistari ikiwa michache. Itajitokeza samaki wanapokuwa wengi.

Maandishi yakiwa sawa na kurasa zote zikiwa zimesomwa, fanya jaribio hili kwa mfuatano wake. Weka CONSISTENCY ALL ndani ya cqlsh, soma mstari kwa ufunguo wake kamili, kisha usome kwa faharasa. Ikiwa kwa ALL faharasa inauleta lakini kwa ONE wakati mwingine inauacha, nakala hazilingani: mojawapo haikupata andiko la mstari huo, na faharasa yake haiwezi kuorodhesha kisichokuwepo. Nodi iliyolala huwekewa maandiko yake na wenzake kwa saa 3 tu kwa mpangilio wa awali. Ikilala usiku kucha kwa kukosa umeme, yaliyopita muda huo hayataifikia mpaka uendeshe nodetool repair. Kwa ripoti za malipo, usome kwa QUORUM (zaidi ya nusu ya nakala) na pia uandike kwa QUORUM, maana kuandika kwa ONE na kusoma kwa ONE hakukuahidi ulinganifu wowote.

Ikiwa hata kwa ALL ufunguo unauleta mstari na faharasa inaukosa, basi faharasa yenyewe ina kasoro. Kwanza hakikisha ujenzi wake ulikamilika katika kila nodi kwa kuuliza:

SELECT * FROM system."IndexInfo";

Jedwali hili ni la nodi unayoiuliza peke yake, kwa hiyo jibu la nodi moja halithibitishi lolote kuhusu nyingine. Nodi ambayo jina la faharasa halimo, na ambayo haionyeshi ujenzi unaoendelea, ijengewe upya:

nodetool rebuild_index uvuvi mapokezi mapokezi_chombo

Amri hiyo nayo hufanya kazi katika nodi iliyoamriwa tu. Iendeshe nodi moja kwa wakati, nje ya saa za mnada, kwa sababu huisoma data yote ya jedwali iliyo katika nodi hiyo. Wapo wanaoifuta faharasa kwa DROP INDEX na kuitengeneza tena. Njia hiyo huirudisha kazi katika nodi zote kwa pamoja na kuyaacha maulizo yote yakikataliwa mpaka ujenzi uishe, na sioni sababu ya kuichagua kwa kasoro ya nodi moja.

Wanaotumia DynamoDB, hifadhidata ya Amazon, wakumbuke kwamba dalili hiyohiyo ina chanzo kingine kwao. Faharasa yao ya jumla hupokea mabadiliko baada ya jedwali kuu na haikubali usomaji wenye uthabiti kamili, kwa hiyo mstari ulioandikwa sasa hivi unaweza kukosekana kwa muda mfupi bila kasoro yoyote. Aidha, kitu kisicho na sifa ambayo ni ufunguo wa faharasa hakiingii katika faharasa hiyo kabisa.

Ulizo la hali linazidi kuwa zito kila wiki

Safu ya hali ina thamani mbili, 'bado' na 'imelipwa'. Kila mapokezi huanza na 'bado' na kubadilika baada ya mvuvi kulipwa. Programu ya malipo huuliza WHERE hali = 'bado' kila baada ya dakika kadhaa, hupata mistari michache, na bado hujibiwa polepole kuliko ilivyokuwa mwanzo wa msimu.

Katika jedwali la siri la faharasa, thamani ndiyo ufunguo wa mgao. Maana yake ni kwamba kila nodi ina mgao mmoja wa 'bado' ambao mistari yote isiyolipwa hupitia humo. Mstari unapobadilika kuwa 'imelipwa', kiingilio chake cha zamani hufutwa kwa kuwekewa alama ya ufutaji, nayo alama hiyo hubaki ndani ya mafaili mpaka kompaksheni, yaani kazi ya kuunganisha mafaili ya data, iifikie. Ulizo la 'bado' hulazimika kuzipita alama zote hizo ili kuifikia mistari michache iliyo hai. Angalia faili la system.log: seva huandika onyo usomaji mmoja unapopita alama 1,000, na hulikataa ulizo kabisa zinapozidi 100,000. Onyo linalotaja jina la faharasa badala ya jina la jedwali kuu ni ushahidi wa kutosha.

Kompaksheni ya kulazimishwa hutuliza maumivu kwa siku chache, na kupandisha kiwango cha 100,000 ni kuahirisha, tena kwa gharama ya kumbukumbu ya seva. Safu inayobadilika kama foleni haifai kuwekewa faharasa ya upili. Tengeneza jedwali la madeni lenye ufunguo wa mgao wa diko na tarehe, mistari ifutwe humo inapolipwa, na programu ya malipo isome siku chache za karibuni tu badala ya kuuliza tangu mwanzo wa dunia. Alama za ufutaji zitakuwepo hata hapo, lakini zitatawanyika kwa siku, na siku za zamani hakuna atakayezisoma.

Thamani ya 'imelipwa' ina tatizo la upande wa pili: inarudisha karibu jedwali zima. Hakuna faharasa itakayolifanya jepesi ulizo linaloomba kila kitu.

Kuchagua tiba

Kwa ulizo la chombo, tiba ninayoipendekeza ni jedwali la pili lililopangwa kwa swali hilo:

CREATE TABLE uvuvi.mapokezi_kwa_chombo (
  chombo text, mwaka int, tarehe date, namba timeuuid,
  diko text, aina text, kilo decimal,
  PRIMARY KEY ((chombo, mwaka), tarehe, namba)
);

Mwaka umeingizwa katika ufunguo ili mgao wa chombo kinachovua kila siku usikue bila kikomo. Programu huandika katika majedwali yote mawili ndani ya BATCH moja yenye kumbukumbu, ambayo huhakikisha kwamba kikiandikwa kimoja cha pili nacho kitaandikwa hatimaye. Nafasi ya diski huongezeka na kila andiko huwa zito kidogo, lakini ulizo la chombo huenda kwenye nodi zinazohusika tu. Cassandra ina pia mionekano inayojitunza yenyewe kwa ajili ya kazi hii, ila wasanifu wake wanaihesabu kuwa ya majaribio, nami nisingeiweka chini ya data ya malipo ya watu.

Toleo la 5.0, lililotoka mwaka 2024, lilileta faharasa mpya iitwayo SAI, inayokubali masharti ya zaidi-ya na pungufu-ya na kuunganisha safu kadhaa kwa AND bila kudai ALLOW FILTERING. Ni nafuu ya kweli kwa sehemu ya kwanza ya mwongozo huu. Hata hivyo, nayo hukaa ndani ya kila nodi na kuorodhesha data ya nodi hiyo, kwa hiyo anayehama akitumaini kuepuka kuizunguka pete atakuta safari ni ileile, ingawa kila kituo kinajibu upesi zaidi.

Faharasa ya zamani haistahili kutupwa kwa yote hayo. Ukitaja diko na tarehe pamoja na hali, ulizo huenda kwenye nakala za mgao mmoja na faharasa hufanya kazi ndogo iliyo ndani ya uwezo wake. Ulizo la usimamizi linaloendeshwa mara moja usiku, na ambalo hakuna mtu anayelisubiri kwenye kaunta, nalo linaweza kuizunguka pete bila kumdhuru yeyote, mradi kurasa ziwe ndogo.

Ukiisha kuhamia jedwali jipya, usiifute faharasa siku hiyohiyo. Fuatilia kwanza kwa nodetool tablestats uvuvi.mapokezi.mapokezi_chombo, ukitazama hesabu ya usomaji wa faharasa katika kila nodi, kwa mzunguko mzima wa kazi ukiwemo mwisho wa mwezi. Hesabu ikiendelea kupanda, kuna ripoti mahali fulani ambayo bado inaitegemea, na DROP INDEX itaifanya ripoti hiyo ikataliwe kwa ujumbe uleule wa ALLOW FILTERING. Hesabu ikisimama katika nodi zote, ifute, kwa maana kila faharasa isiyosomwa bado inaandikwa kila samaki anapopimwa.